Kutafuta Kosa kutoka Mbali

Msomaji, ukisafiri kwa barabara itokayo Nairobi kwenda Namanga utapita Kitengela, kisha utafika Kajiado, mji upitiwao na reli ya Konza hadi Magadi. Zamani reli zetu zilifuatana na nyaya za telegrafu. Waya ulipokatika, fundi mwenye akili hakukimbilia porini kuutazama mlingoti mmoja mmoja. Alikaa kituoni mwake, akakiita kituo cha kwanza, akajibiwa. Akakiita cha pili, akajibiwa. Akakiita cha tatu, kimya. Basi alijua kuwa waya umekatika kati ya kituo cha pili na cha tatu, na huko ndiko alikotuma watu wake. Ikumbuke busara hiyo, maana utaiona tena katika mitambo ya siku zetu.

Mwaka 1995 kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani ilitoa lugha ya kuandikia programu iitwayo Java, iliyobuniwa na James Gosling na wenzake. Lugha hiyo ilikuja kutufaa sana hapa kwetu. Mwaka 2004 wataalamu wa Indiana, Marekani, walioshirikiana na wenzao wa Eldoret, walianza kutengeneza programu ya kutunza habari za wagonjwa, iitwayo OpenMRS, nayo imeandikwa kwa Java. Mwaka 2006 ilianza kutumika Eldoret. Baadaye juu ya msingi huo ilijengwa KenyaEMR, itumiwayo katika mamia ya vituo vya afya nchini, hasa kuwahudumia watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi.

Sasa tuseme, kwa mfano tu, kwamba bibi mzee amefika katika kituo kimoja cha afya wilayani. Hajui siku aliyozaliwa. Ajua tu kwamba alizaliwa wakati wa ukame fulani. Karani anaandika umri wa kukisia, na mara programu inakataa kumpangia bibi siku ya kurudi kuchukua dawa. Mtengenezaji wa programu yuko Nairobi, na kwenye kompyuta yake kosa hilo halionekani kamwe, kwa kuwa wagonjwa wake wa majaribio wote wana tarehe kamili za kuzaliwa. Kosa linaishi Kajiado, fundi anaishi Nairobi. Afanyeje?

Tangu mwaka 2000, toleo la Java la 1.3 lilikuja na mpango wa kuichunguza programu kutoka kompyuta nyingine. Seva, yaani ile kompyuta inayowahudumia wengine, huanzishwa kwa amri yenye maneno kama haya: -agentlib:jdwp=transport=dt_socket,server=y,suspend=n,address=5005. Usiogope urefu wake. Maana yake ni kwamba seva ifungue mlango wenye namba 5005 na kumngojea mchunguzi, wala isiache kazi yake kwa kumngoja. Fundi naye, akiwa na maandishi yale yale ya programu mbele yake, huweka alama kwenye mstari anaoushuku. Programu ikifika hapo husimama, naye hutazama kila thamani iliyomo. Mstari huu ni mzima. Wa pili ni mzima. Wa tatu, tarehe ya kuzaliwa ni tupu. Kosa limepatikana! Je, huoni kwamba huyu ni fundi yule yule wa telegrafu?

Lakini kila mlango una mambo mawili: humwingiza mgeni, na humwingiza mwizi. Mlango huu hauulizi neno la siri. Yeyote aufikiaye aweza kusoma habari za wagonjwa na hata kuiamrisha seva. Ndiyo sababu toleo la Java la 9, la mwaka 2017, liliufanya mlango huo uisikilize kompyuta yake yenyewe tu, isipokuwa mtu ameamuru vingine. Fundi mwangalifu hupita kwanza katika njia iliyofungwa kwa maandishi ya fumbo, iitwayo SSH, aliyoibuni Tatu Ylönen huko Finland mwaka 1995, kisha ndipo aufikie mlango akiwa kwa ndani. Akimaliza kazi, huufunga.

Tena alama ile isimamishayo programu huweza kuwasimamisha wagonjwa wote waliopanga foleni. Kwa hiyo kazi hii yafaa ifanywe kliniki ikiwa imefungwa, au katika nakala ya seva ambayo majina ya watu yameondolewa. Sheria ya Kenya ya kulinda data, ya mwaka 2019, huihesabu habari ya afya ya mtu kuwa miongoni mwa zile zinazohitaji ulinzi mkubwa zaidi.

Basi wewe usomaye, huenda siku moja ukawa fundi wa namna hiyo. Ukiwa Nairobi au ng'ambo, macho yako yakiwa juu ya seva iliyo Kajiado, kumbuka kwamba nyuma ya kila thamani unayoitazama yuko mtu. Bibi yule hakukupa siri yake wewe. Alimpa muuguzi wake. Umekaribishwa kulitafuta kosa, si kumchungulia mgonjwa. Litafute kwa utaratibu, lisahihishe, kisha toka na ufunge mlango nyuma yako.