Rothesay na Wavunja Sabato

Vitabu vingi vya historia ya utalii huanzia tarehe 5 Julai 1841, siku Thomas Cook alipowapakia mamia ya wapinga pombe kwenye treni ya kutoka Leicester kwenda Loughborough. Kwa masimulizi hayo, matembezi ya watu wa kawaida yalizaliwa na reli, yakalelewa Uingereza na kubatizwa kwa chai. Ni hadithi tamu, lakini anayeshuka leo kwenye gati la Rothesay, mji mdogo wa kisiwa cha Bute magharibi mwa Uskoti, ana kila sababu ya kuitilia shaka.

Ushahidi wa kuipinga umo katika tangazo la gazeti la Agosti 1812. Wanahistoria wa mitambo hulitaja sana, kisha huliacha pale pale linapoanza kunoga. Ndani yake Henry Bell anawaarifu wasafiri kwamba chombo chake, Comet, kitakwenda kwa mvuke katika mto Clyde: siku tatu kwa juma kutoka Glasgow, na siku tatu nyingine kutoka Greenock. Nauli ni shilingi 4 chumba bora, na shilingi 3 chumba cha pili. Halafu, kama mfanyabiashara anayekumbuka jambo dogo kabla ya kuaga, anaongeza kwamba nyumba yake ya kuogea maji ya bahari huko Helensburgh ingali wazi kama miaka yote, na kwamba abiria wanaokwenda huko watapatiwa chombo cha kuwavusha kutoka Greenock.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Bell alikuwa mwenye hoteli, na mkewe Margaret ndiye aliyeisimamia. Meli ya kwanza ya mvuke kufanya biashara ya abiria kwa mafanikio barani Ulaya iliundwa na John Wood huko Port Glasgow, na mwenyewe aliyeiagiza alikuwa na vitanda vya kujaza. Treni ya Cook ilikuja miaka 29 baadaye.

Rothesay ilikuwa na historia yake kabla ya hapo, bila shaka. Ngome ya duara katikati ya mji ilishambuliwa na kutekwa na Wanorwe mwaka 1230. Mkataba wa Perth wa 1266 ukavikabidhi visiwa vya magharibi kwa mfalme wa Uskoti. Mwaka 1779 kikaanzishwa kiwanda cha pamba, miongoni mwa vya mwanzo kabisa katika nchi hiyo. Wavuvi walivua heringi. Hayo yote mgeni atayakuta kwenye vibao akizunguka ngome, na hayahitaji kurudiwa hapa.

Kilichoubadilisha mji ni moshi wa Glasgow. Mwaka 1801 jiji hilo lilikuwa na watu takriban 77,000. Karne ilipogeuka walikuwa zaidi ya 760,000, wengi wao wamebanana katika vyumba vya ghorofa zenye masizi, kipindupindu kikiwarudia tangu 1832. Maji safi ya bahari yalikuwa huko mto unakoishia, safari ya saa chache tu. Wenye meli walishindana hadi nauli zikaporomoka, na alichokilipia tajiri mwaka 1812 kikawa ndani ya uwezo wa mfumaji na mpiga misumari ya meli. Mwaka 1843 daktari William Paterson alifungua Glenburn, hoteli ya tiba ya maji, kwa wenye nafasi. Wasio na nafasi walikuja na sanduku la bati lenye matandiko na chakula, wakapanga chumba kimoja familia nzima.

Lakini walikuja lini? Swali hili dogo ndilo lililozua ugomvi mkubwa kuliko wote katika historia ya pwani ile. Sheria ya viwanda ya 1850 iliwasimamishia kazi wanawake na vijana wa viwanda vya nguo saa nane mchana siku ya Jumamosi. Mfanyakazi akishapokea ujira, akanunua mahitaji na kufua nguo, Jumamosi imekwisha. Siku nzima aliyobaki nayo ilikuwa moja, nayo ilikuwa ya Mungu.

Makanisa ya Uskoti yalishika Sabato kwa mkono wa chuma, na Kanisa Huru lililojitenga mwaka 1843 lilishika zaidi. Kusafiri kwa starehe Jumapili kulihesabiwa dhambi ya wazi. Ndipo mwaka 1853 meli iitwayo Emperor ilipoanza kuwachukua watu wa Glasgow siku hiyo hiyo. Ilipofika Garelochhead, gati lilikuwa limezibwa. Sir James Colquhoun wa Luss, mwenye ardhi ile, alikuwa ameweka watumishi wake kuzuia mtu yeyote asitie mguu nchi kavu. Abiria hawakurudi nyuma. Walipambana, wakavunja kizuizi, wakapita. Magazeti yalishangaa, wahubiri wakapata mada ya majuma kadhaa.

Mwandishi anayetaka kumtetea Sir James anaweza kusema alilinda mali yake na imani ya majirani zake. Inawezekana. Ila matajiri wa pwani ile walikuwa na jahazi zao za fahari, na hakuna gati lililowazuia kuitazama bahari Jumapili kutoka kwenye vibaraza vya nyumba zao. Sabato ya Clyde ilimbana zaidi aliyelazimika kulipa nauli.

Mwaka huo huo wa 1853 Bunge lilipitisha sheria inayojulikana kwa jina la mbunge William Forbes Mackenzie. Iliamuru baa za Uskoti zifungwe saa tano usiku, na Jumapili zisifunguliwe kabisa. Hoteli ziliruhusiwa kumpa kinywaji msafiri wa kweli tu. Watunga sheria walisahau jambo moja: meli. Chombo kikiwa majini hakikuwa baa wala hoteli, na sheria haikukigusa. Kwa karibu miaka 30 meli za Jumapili zikawa mahali ambapo fundi wa Glasgow angeweza kunywa wiski kwa uhalali siku ya ibada, mradi amekata tiketi. Wapo waliopanda wakashuka bila kujua wamepita miji gani.

Hapa ndipo wanahistoria wa kiungwana wanapokunja uso. Wanazungumzia ulevi, matusi, na mabibi wa Rothesay waliofunga madirisha. Ulevi ulikuwepo na ulikuwa mbaya. Kuukana ni kudanganya. Lakini kuigeuza habari nzima kuwa ya chupa ni kuwaonea maelfu waliopanda meli zile na watoto wao na vikapu vya mikate. Aliyelijua hilo vizuri ni nahodha James Williamson, ambaye mwaka 1880 alianza kuendesha Ivanhoe, meli isiyouza pombe hata tone. Wengi walitabiri ingefilisika. Haikufilisika. Watu walikuwa wakifuata bahari.

Bunge liliziba mwanya mwaka 1882 kwa sheria iliyopiga marufuku uuzaji wa pombe melini siku ya Jumapili. Kama ugomvi ungekuwa wa pombe peke yake, ungeishia hapo. Haukuisha. Mwaka 1897, miaka 15 baada ya baa za melini kufungwa, wakuu wa mji wa Dunoon, ng'ambo ya maji kutoka Bute, walifunga mageti ya gati ili abiria wa Jumapili wa meli Victoria wasiingie mjini. Abiria wakaparamia mageti. Mzozo ulikuwa juu ya nani ana haki ya kuwa pwani, na siku gani.

Wakati huo huo Rothesay yenyewe ilikuwa ikiishi kwa fedha za watu hao hao. Reli ilikwisha kufika Wemyss Bay, wanakovukia watu kwenda Rothesay, mwaka 1865, na kampuni za reli zikamiliki meli zao na kushindana kwa dakika. Kilele cha mwaka kilikuwa Julai, wakati wa sikukuu ya Glasgow iliyoasisiwa karne ya 12, viwanda na karakana za meli zilipofungwa kwa pamoja. Likizo hiyo haikuwa na malipo. Sheria ya likizo yenye ujira haikupatikana hadi 1938. Familia ziliweka akiba mwaka mzima katika vikundi vinavyofanana na upatu wetu, kisha zikaimaliza yote pwani.

Mwaka 1899 mji uliwajengea wageni vyoo kwenye gati, vya marumaru na vigae vya kampuni ya Twyfords, vyenye matangi ya kioo. Leo vimekarabatiwa na watu hulipa kuviona, na ni fahari ya mji. Ni nadra vibao kusisitiza kwamba vilijengwa kwa wanaume tu. Mama aliyeshuka na watoto wanne baada ya safari ndefu alijitafutia.

Karne ya 20 inaweza kupitwa haraka. King Edward, meli ya kwanza ya abiria ya kibiashara kuendeshwa kwa turbini, ilianza mwaka 1901 ikienda Campbeltown, mji mwingine wa pwani hiyo alikozaliwa William Mackinnon, mfanyabiashara ambaye meli za kampuni yake zilifika Zanzibar kwa ratiba tangu 1872. Rothesay ilipata bustani ya majira ya baridi ya chuma na kioo mwaka 1924, na ukumbi wa Pavilion uliosanifiwa na James Carrick mwaka 1938. Familia za Kiitaliano ziliuza aiskrimu na chipsi ufukweni. Vita vikaja, ndege za bei nafuu za kwenda Hispania zikafuata, na wapangaji wa Julai wakapungua. Leo mji una wakazi wasiofika 5,000.

Mgeni wa sasa huelekezwa kwanza Mount Stuart, jumba ambalo markisi wa tatu wa Bute alilijenga upya baada ya moto wa 1877. Ni jengo la ajabu, na atakayelikosa atajuta. Lakini linaeleza habari za ukoo mmoja. Anayetaka kujua mji uliishije na apande Waverley, meli ya magurudumu iliyoshushwa majini mwaka 1946 na kuuzwa kwa pauni 1 kwa wahifadhi mwaka 1974. Ndiyo ya mwisho ya aina yake duniani inayochukua abiria baharini. Akiikosa, zipo feri za kawaida zinazovuka kutoka Wemyss Bay, ingawa ziliundwa Gdańsk, Poland, wala si katika karakana za Clyde. Safari huchukua dakika 35, na Jumapili zinafanya kazi.