Shughuli za Ziada: Ziada ya Nini?

Mwanafunzi wa kidato cha sita wa Tunduma, mpakani na Zambia, akiomba chuo kikuu hapa nchini, hakuna anayemuuliza alicheza namba ngapi uwanjani. TCU imeweka vigezo vya chini vya ufaulu, chuo kinaongeza vyake, na matokeo ya NECTA yanamaliza maneno. Siku mwanafunzi huyohuyo anapofungua fomu ya chuo cha Marekani ndipo anapokuta ukurasa mzima wa mambo ambayo hajawahi kufanyiwa mtihani: ukitoka darasani, unafanya nini?

Mambo hayo tumeyapa majina zaidi ya moja. Lipo la kiofisi, “shughuli za nje ya mtaala”. Lipo “shughuli za nje ya darasa”. Na lipo lililo jepesi mdomoni kuliko yote, “shughuli za ziada”. Hili la mwisho ndilo linaloponza watu. Ziada ni kinachobaki haja ikishatimia, kwa hiyo kijana akisikia shughuli za ziada anawaza UMISSETA, skauti, klabu ya midahalo, kwaya ya UKWATA, ukiranja. Hakosei. Lakini yule anayetoka shuleni na kwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha mama yake karibu na boda atakujibu kwamba yeye hana shughuli za ziada. Anasema kweli kwa jinsi alivyolielewa neno: kibanda kile ndicho kinachonunua sare na daftari, kitakuwaje ziada?

Fomu yenyewe haimtengi. Common App, inayotumiwa na vyuo vingi vya Marekani, ina nafasi 10 za shughuli, na miongoni mwa aina zake imo kazi ya kulipwa, na yamo majukumu ya familia. Kila shughuli huandikiwa saa kwa wiki na wiki kwa mwaka. Kijana wa Mbozi anayechuma kahawa msimu mzima, kisha akashinda vitandani akigeuza na kuchambua mbegu, ana saa nyingi za kuandika kuliko mwenzake aliyehudhuria mdahalo mara moja kwa mwezi. Ndiyo maana mimi nachagua “shughuli za nje ya darasa”. Halina mvuto, lakini kahawa inaingia humo, na mpira unaingia.

Wala wazo la kumpima mwombaji kwa mambo yasiyo ya mtihani si geni kwetu. Mwaka 1967 Elimu ya Kujitegemea ilileta jembe ndani ya shule, kilimo kikawa sehemu ya masomo. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, katika Azimio la Musoma, ilikwenda mbali zaidi: kijana asiingie chuo kikuu moja kwa moja kutoka shuleni, kwanza afanye kazi, na mwajiri na chama wampendekeze. Utaratibu huo ulilegezwa baadaye. Tofauti yake na fomu ya leo ni kubwa, maana wakati ule wengine ndio waliokusemea. Leo unajisemea mwenyewe, nasi tumelelewa kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Matokeo yake kijana ama ananyamaza kabisa, ama anapiga chumvi hadi inakera.

Dawa ya yote mawili ni kutaja kitendo na kuacha sifa. Maelezo ya kila shughuli yana nafasi ya herufi 150 tu. “Mimi ni kijana mwenye bidii na nilijifunza uongozi” yanakula theluthi ya nafasi hiyo bila kusema lolote. Linganisha na haya: “Huhesabu mauzo ya kibanda cha mama kwa shilingi na kwacha, huandika madeni, huwapikia wadogo zangu mama akivuka kwenda Nakonde.” Herufi hazijafika 150, na msomaji aliye Boston ameshajua mwombaji anabadili sarafu kichwani na anaaminiwa na fedha. (Kama mzigo ulipita njia za panya, tafadhali usiuite uzoefu wa biashara ya kimataifa.) Wala si lazima kujaza nafasi zote 10. MIT, yenye fomu yake yenyewe, haitaki zaidi ya nne.

Insha ndiyo inayosumbua zaidi. Ukomo wake katika Common App ni maneno 650, na mazoea ya darasani yanaiharibu: aya ya kwanza inaeleza maana ya uongozi, ya mwisho inafunga kwa methali, na katikati shughuli zote zimerundikwa tena kana kwamba msomaji hajaziona kwenye fomu. Chagua moja. Tuseme ni kuuzia chai madereva wa malori. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 2019 ili mizigo ipite upesi. Nchi inafurahi, mwenye lori anafurahi. Foleni ikifupika, chai inanunuliwa na nani? Kijana aliyewahi kulikabili swali hilo jioni, akihesabu vikombe vilivyobaki, ana insha ambayo mtoto wa Dar es Salaam au New York hawezi kuiandika. Aandike alichokiona, alichobadilisha, na kama hakikufaulu aseme hakikufaulu. Umaskini asiufiche wala asiutangaze. Utaonekana wenyewe ndani ya hesabu.

Kuna jambo dogo linalosahaulika. Mwalimu anayeandika barua ya mapendekezo humjua mwanafunzi kwa alama na nidhamu, pengine kwa zamu ya usafi. Kibanda hajawahi kukisikia. Mwombaji ampelekee orodha ya shughuli zake mapema, pamoja na saa alizoziandika, na akiweza amkaribishe apite pale siku moja anywe chai.