Dhahabu na Akiba ya Uzeeni

Mfikirie, msomaji, mfanyakazi wa mwaka 1966 atokaye Kaloleni alfajiri, akienda kwa miguu kwenye viwanda vya Industrial Area, Nairobi. Sheria ya 1965 ilikwisha kuanzisha Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii: sehemu ya mshahara hukatwa, mwajiri naye huongeza, fedha zikangoja uzee.

Mwaka huo wa 1966 zilitolewa pia sarafu tatu za dhahabu zenye sura ya Mzee Kenyatta, za shilingi 100, 250 na 500. Lau angaliweza kuzinunua, angalichagua ipi? Zilikuwa na uzito wa gramu 7.6, 19 na 38. Piga hesabu, utaona kila shilingi ilibeba dhahabu sawasawa. Kubwa, basi, haikuwa bora. Mwenye ndogo tano angaliuza moja wakati wa shida, akabaki na nne.

Hata hivyo, kwa bei ya wakati ule, dhahabu iliyokuwamo katika ile ndogo haikufika shilingi 60. Nani angalimlaumu kwa kuipita? Mwaka 1971 Marekani iliacha kubadilisha dola kwa dhahabu. Kufikia Januari 1980, dhahabu ya sarafu ile ile ilipita shilingi 1,000. Shilingi 100 zilizokatwa mshaharani zilikuwa bado shilingi 100, na riba yake.