Nafasi Mbili, Thamani Moja

Januari 1972, Ken Thompson wa Bell Labs nchini Marekani aliandika mwongozo mfupi wa lugha yake ya B, na ndani yake akaiweka funksheni nzima ya `printf`. Ni mistari michache tu. Inapokea kiolezo cha maandishi na thamani zisizozidi tisa, inashika anwani ya thamani ya kwanza kwenye kumbukumbu, kisha inakipitia kiolezo herufi kwa herufi. Kila ikikutana na alama ya `%` inachukua kilichopo pale na kusogea mbele hatua moja. Hakuna mahali inapouliza imepewa thamani ngapi.

Lugha ya C ya Dennis Ritchie iliurithi mtindo huo, na hapo ndipo ulipoenea duniani. Chukua mstari huu:

`printf("%s ana miaka %d\n", jina);`

Nafasi ni mbili, thamani ni moja. Jina litachapwa sawasawa, lakini umri utatoka kwenye takataka yoyote iliyobaki pale ambapo thamani ya pili ingekaa. Kiwango cha C cha mwaka 1989 hakikuliponya jambo hili, kililitambua tu. Thamani zikizidi, za ziada zinapuuzwa. Zikipungua, kiwango hakitoi ahadi yoyote kuhusu kitakachotokea.

Kwa miaka mingi kosa hilo lilionekana kero ndogo: namba ya ajabu kwenye skrini, au programu kuanguka. Hatari yake kamili ilijulikana pale kiolezo chenyewe kilipotoka kwa mtu wa nje. Mwandishi wa programu mwenye haraka huandika `printf(ujumbe)` badala ya `printf("%s", ujumbe)`, na ujumbe wa kawaida huchapwa bila tatizo. Lakini mgeni akituma ujumbe uliojaa `%x`, funksheni inamsomea kumbukumbu ya seva, neno baada ya neno. Akiongeza `%n`, ambayo kazi yake ni kuandika idadi ya herufi zilizokwisha kuchapwa, anapata njia ya kuandika ndani ya kumbukumbu hiyo.

Mwaka 2000 milango ilifunguka mmoja baada ya mwingine: seva ya mafaili ya WU-FTPD, kisha huduma ya mtandao ya rpc.statd, kisha programu ya uchapishaji ya LPRng. Januari 2001 mnyoo uitwao Ramen ukaitumia yote mitatu, ukaenea kwenye kompyuta za Red Hat Linux 6.2 na 7.0 na kubadilisha kurasa za mwanzo za tovuti zilizokuwa humo.

Mwaka huohuo Crispin Cowan na wenzake walileta FormatGuard, kinga iliyofanya kile ambacho `printf` haikuwahi kufanya: kuhesabu. Kiolezo kikidai thamani nyingi kuliko zilizotolewa, programu inasimamishwa papo hapo.

Lugha nyingine zimechukua njia tofauti. Kwa alama ya `%` ya Python, thamani zipungue au zizidi, ni kosa. Java hukataa zikipungua, ila hunyamaza zikizidi, na ukimya huo una sababu nzuri: kiolezo kilichotafsiriwa huenda kisihitaji thamani zote. Go huendelea kuchapa na kuweka alama ya pengo ndani ya sentensi yenyewe, ambapo kila msomaji ataiona. PHP kabla ya toleo la 8 ilitoa onyo tu. Tangu 2020 inatupa kosa. Rust ndiyo kali kuliko zote, na ndiyo yenye haki: hesabu isipolingana, programu haijengeki kabisa.

C yenyewe imebaki na `printf` ileile. Kompaila ya GCC ikiwashwa maonyo yake hulinganisha nafasi na thamani, lakini inaweza kufanya hivyo pale tu inapokiona kiolezo. Kikisomwa kutoka faili wakati programu inakimbia, ulinganisho huo haufanyiki, na funksheni inachukua kilichopo na kusogea hatua moja.