Treni Iliyokosa Pa Kupumzikia

Sisi tuliofanya kazi ya stesheni kwenye reli ya kati, ambako treni zote zinapishana juu ya njia moja, tukionyeshwa mchoro wa reli yoyote tunatafuta kwanza kitu kimoja: treni iliyochelewa itawekwa wapi? Kwetu jibu lilikuwa njia ya pembeni. Ya mizigo inaingia pembeni, ya abiria inapita, na hata ikifika Kigoma imechelewa, kuna nafasi ya kupumua kabla ya kugeuza. Kwa jicho hilo nimeusoma mchoro wa duara la chini ya ardhi la London, na sioni haya kusema kwamba walioliunganisha waliwatwisha magadi wa treni na watu wa ishara mzigo mzito mno.

Duara lile halikujengwa kwa mpigo mmoja. Kampuni ya Metropolitan ilifungua njia yake kutoka Paddington hadi Farringdon tarehe 10 Januari 1863, ikiwa reli ya kwanza ya abiria ya chini ya ardhi katika mji. Mwaka huohuo kamati ya Bunge ilipendekeza njia hiyo iendelezwe hadi izunguke katikati ya mji na kuunganisha stesheni kubwa za reli za mikoani. Upande wa kusini ukapewa kampuni nyingine, Metropolitan District, iliyofungua kipande chake cha kwanza, South Kensington hadi Westminster, mkesha wa Krismasi wa 1868. Mhandisi wa kampuni zote mbili alikuwa mmoja, John Fowler, na nia ilikuwa ziungane baadaye.

Hazikuungana. Mwaka 1871 District ilianza kuendesha treni zake yenyewe, na mwezi Julai ikafungua reli zake sambamba na zile za Metropolitan kati ya Gloucester Road na High Street Kensington, bila idhini ya Bunge. Kipande hicho kinaitwa Cromwell Curve. Ni kifupi, lakini kilizaa kesi na ugomvi wa miaka mingi, kwa sababu mapato ya duara yaligawanywa kwa kutazama nani anamiliki njia kiasi gani. Viongozi nao hawakusaidia: Edward Watkin wa Metropolitan na James Staats Forbes wa District walikuwa tayari mahasimu kupitia kampuni nyingine mbili walizoziongoza, zilizogombania abiria wa Kent.

Hata hivyo pengo la mwisho, upande wa mashariki, likazibwa, na tarehe 6 Oktoba 1884 treni zikaanza kuzunguka mfululizo. Uingereza treni hupita kushoto, kwa hiyo anayezunguka kufuata mshale wa saa yuko reli ya nje, na anayekwenda kinyume yuko reli ya ndani. Metropolitan ikachukua ya nje, District ya ndani. Kila moja ilikuwa na madirisha yake ya tiketi, na karani wa kampuni aliweza kukuuzia safari ya kuzunguka mji karibu wote ilhali ungefika kwa stesheni chache kupitia upande wa pili.

Lakini hilo lilikuwa tatizo la abiria. Tatizo la reli lilikuwa kubwa zaidi. Duara lile lina urefu wa maili 13 hivi, na karibu lote linatumiwa na treni nyingine pia. Vipande vilivyo vya duara peke yake ni viwili tu, tena vifupi: High Street Kensington hadi Gloucester Road, na pale mashariki kutoka Aldgate hadi Minories Junction. Kwingine kote treni ya duara inaazima njia, na kila inapoingia au kutoka inapita kwenye makutano ya reli yaliyo sawa kwa sawa, hayana daraja wala handaki la kupishana. Treni inayokata upande wa pili hufunga njia ya ile inayokuja. Sekunde arobaini zikipotea Praed Street, karibu na Paddington, hazitapatikana tena, maana hakuna mwisho wa safari ambapo treni itasimama na kuanza upya na saa yake. Kuchelewa kunaingia mzunguko wa pili, kisha wa tatu, na kuwaambukiza majirani.

Ratiba ya mwanzo ilitaka treni nane kwa saa, kila mzunguko dakika 81 hadi 84. Haikuwezekana. Mwaka 1885 zikapunguzwa kuwa sita, kwa mzunguko wa dakika 70. Na hapa kuna jambo linalonigusa kuliko yote: magadi hawakuwa na mapumziko hata kidogo katika zamu yao. Treni haikuwa na kituo cha mwisho, basi na mtu naye akanyimwa kituo. Ilipofika Septemba 1885 ndipo wakaruhusiwa mara tatu za dakika 20. Nadhani mwenye ofisi aliyepanga zamu ile hakuwahi kushika bendera ndani ya moshi wa makaa ya mawe.

Moshi huo ndio uliofanya ishara za kutazama kwa macho zisitoshe. Tangu 1863 Metropolitan ilitumia vyombo vya telegrafu vya Charles Spagnoletti, aliyekuwa mkuu wa telegrafu wa Great Western Railway. Njia iligawanywa vipande, na kila kipande kiliruhusiwa treni moja tu. Mtu wa ishara alibonyeza kitufe, na katika kibanda cha jirani yake kisahani kikageuka nyuma ya kidirisha: njia wazi, au treni iko njiani. Usalama wa watu waliojaa gizani ulitegemea kisahani hicho, kengele na akili ya mtu mmoja aliyesimama mbele ya safu ya nyenzo. Kwa aliyewahi kumwomba stesheni masta wa jirani ruhusa ya kupeleka treni, kazi hiyo haihitaji maelezo.

Mwaka 1905 umeme ulichukua nafasi ya mvuke, na mzunguko ukashuka hadi dakika 50 hivi. District iliweka ishara za kujiendesha: mkondo mdogo wa umeme unapita katika reli, magurudumu yanaukata, ishara ya nyuma inabaki nyekundu. Pembeni ya reli mkono wa chuma hubaki umesimama, na dereva akipita nyekundu mkono huo hugonga kifaa chini ya treni na kufunga breki.

Ishara ziliboreka, lakini mchoro ulibaki uleule. Mfano mzuri ni pembetatu ya Aldgate, ambapo njia za Liverpool Street, Tower Hill na Aldgate East zinakutana kwa makutano matatu. Pande zake zilikuwa fupi kiasi kwamba treni ndefu ikisimama kungoja zamu katika kona moja, mkia wake uliziba kona nyingine. Dawa haikuwa taa wala waya. Ilibidi stesheni nzima ya Aldgate East ihamishwe kuelekea mashariki ili pembetatu ipanuliwe. Mpya ilifunguliwa tarehe 31 Oktoba 1938. Naiheshimu sana kazi ile, kwa sababu waliofanya hivyo walikubali kwamba kosa lilikuwa ardhini, wala hawakumlaumu mtu wa kibandani.

Duara lenyewe lilisubiri zaidi. Tarehe 13 Desemba 2009, miaka 125 tangu liunganishwe, lilikatwa. Siku hizi treni inaanza Hammersmith, inaingia Edgware Road, inazunguka mji, inarudi Edgware Road na kuishia hapo, kisha inageuza ilikotoka. Abiria anayetaka kuendelea hushuka na kubadili, na wengi walilalamika. Mimi niko upande wa waliokata. Treni sasa ina ncha mbili, dereva anashuka, na dakika zilizopotea zina mahali pa kuachwa. Tangu 2019 kompyuta zimeanza kuchukua kazi ya ishara za zamani, sehemu baada ya sehemu, lakini Praed Street treni bado zinakatana sawa kwa sawa.