Sarafu za kale zenye thamani zauzwa kwa bei ya bure mwambao wa Bagamoyo

KIJIJI cha Mlingotini, kilichopo pwani kusini mwa mji wa Bagamoyo, kinafahamika zaidi kwa uvuvi na kilimo cha mwani. Hata hivyo, ardhi yake na makasha ya wazee wake ni sehemu ya mwambao ambako fedha za mataifa mengi zilipita kwa karne kadhaa. Mengi ya masalia hayo hupotea kimyakimya, kwa kuwa mwenye nayo huitazama thamani iliyoandikwa juu yake, au huyapima kwa kilo kama chuma chakavu.

Suala hilo lilipata uzito mpya mwaka 2025. Kati ya Januari 6 na Aprili 5 mwaka huo, Benki Kuu ya Tanzania (BoT) iliondoa katika mzunguko noti za matoleo ya mwaka 1985 hadi 2003, pamoja na noti ya Sh500 iliyotolewa mwaka 2010. Wananchi walitakiwa kuzipeleka BoT au katika benki za biashara na kulipwa kiasi kilekile kilichoandikwa.

Kwa noti iliyochakaa, malipo hayo yalikuwa ya haki. Lakini benki haina kazi ya kupima upungufu au umri wa fedha inayopokea. Anayepeleka kitu adimu hulipwa sawa na aliyepeleka kitu cha kawaida, na kikishapokelewa hakirudi.

Mfano ulio wazi ni sarafu ya dhahabu ya Sh1,500 iliyotolewa na Tanzania mwaka 1974 kuhimiza hifadhi ya wanyamapori, yenye picha ya duma. Ina uzito wa gramu 33.4, na asilimia 90 yake ni dhahabu, yaani takriban gramu 30 za dhahabu halisi. Mwaka 2025 gramu moja ya dhahabu katika soko la dunia ilikuwa na thamani ya zaidi ya Sh200,000. Hivyo dhahabu iliyomo katika sarafu hiyo pekee ilizidi Sh milioni 6, ilhali kiasi kilichoandikwa juu yake hakizidi nauli ya safari chache za daladala jijini Dar es Salaam.

Historia ndiyo inayoufanya mwambao wa Bagamoyo kuwa na mabaki mengi ya namna hii. Mji huo ulikuwa kituo kikuu cha misafara iliyotoka bara, na kabla ya utawala wa Wajerumani biashara yake ilifanyika kwa reale za fedha za Maria Theresa, rupia za India na pesa za shaba za Sultani Barghash wa Zanzibar za mwaka 1882.

Mwaka 1890 Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa sarafu zake. Pesa yake ya shaba ina tai wa Kijerumani upande mmoja, na upande wa pili maandishi ya Kiarabu pamoja na mwaka wa Hijria. Rupia yake ya fedha ina sura ya Kaisari Wilhelm II aliyevaa kofia ya vita, na nyuma yake simba na mnazi. Rupia moja ilikuwa sawa na pesa 64.

Mwaka 1904 hesabu hiyo ilibadilishwa, rupia ikagawanywa katika heller 100. Kutokana na jina hilo Kiswahili kilipata neno "hela", ambalo limedumu kuliko utawala uliolileta.

Rupia moja ya Kijerumani ina uzito wa gramu 11.66, na zaidi ya gramu 10 kati ya hizo ni fedha halisi. Ile ya rupia mbili, iliyotengenezwa mwaka 1893 na 1894 pekee, ni adimu na hutafutwa sana na wakusanyaji.

Sarafu mashuhuri kuliko zote ni ile ya dhahabu ya rupia 15 ya mwaka 1916. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, meli za Uingereza zilifunga njia ya bahari na sarafu kutoka Ujerumani zikakosekana. Wajerumani wakaanza kutengeneza zao katika karakana ya reli mjini Tabora, wakitumia dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Zilitengenezwa kama 16,000, zikiwa na picha ya tembo mbele ya mlima, kabla ya majeshi ya Wabelgiji kuuteka mji huo Septemba 1916. Katika minada ya Ulaya na Marekani, moja huuzwa kwa maelfu ya dola.

Karakana hiyohiyo ilitoa pia heller 5 na heller 20 za shaba nyekundu na ya manjano. Sura zake si nadhifu, na kwa macho ya mnunuzi wa vyuma chakavu hazitofautiani na koki ya bomba iliyovunjika. Hatari ya kuishia kwenye mizani yake ni kubwa.

Sarafu zilizofuata, za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, nazo zina siri yake. Shilingi yenye picha ya simba iliyotengenezwa kabla ya mwaka 1948 ina fedha kwa robo ya uzito wake. Kuanzia mwaka 1948 ilitengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba na nikeli. Picha ya simba haikubadilika, hivyo mwaka ulioandikwa ndio unaotofautisha.

Hasara haitokei benki na kwenye mizani ya vyuma tu. Kwa miaka mingi masonara wa pwani waliyeyusha reale na rupia kutengeneza bangili na mikufu. Aidha, wengi huharibu sarafu kwa kuzisugua kwa mchanga, majivu au ndimu ili zing'ae, au kuzitoboa ili zivaliwe. Wakusanyaji hulipa zaidi kwa sarafu ambayo haijaguswa, hata kama imeingia weusi.

Upo pia mpaka wa kisheria ambao mwenye sarafu anapaswa kuufahamu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Sarafu ya shaba ya masultani wa Kilwa itakayookotwa jirani na magofu ya Kaole, au wakati wa kuchimba msingi wa nyumba Mlingotini, haipaswi kuuzwa kiholela wala kusafirishwa nje bila kibali. Aliyeiona anatakiwa kutoa taarifa kwa mamlaka. Rupia ya Kijerumani, iliyoanza mwaka 1890, haimo katika kundi hilo.

Umuhimu wa kutoa taarifa ulidhihirika Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984, zilipopatikana sarafu zaidi ya 2,000 za fedha na chache za dhahabu. Kwa kuwa zilichunguzwa zikiwa pamoja, majina ya watawala yaliyoandikwa juu yake yaliwasaidia wanahistoria kuifahamu pwani ya karibu miaka 1,000 iliyopita. Zingeuzwa mojamoja, habari hizo zingepotea.

Kwa upande mwingine, si kila sarafu kuukuu ni utajiri. Heller moja ya shaba ilitengenezwa kwa mamilioni, na nyingi bei yake ni ndogo. Imani kwamba rupia za Mjerumani zina nguvu za ajabu imewapa matapeli mwanya wa kuwauzia watu sarafu bandia kwa fedha nyingi. Anayeshindwa kujua alichonacho hupoteza kwa njia mbili: kwa kuuza rahisi na kwa kununua ghali.

Njia salama ni kusoma mwaka na maandishi, kupima uzito kwa mizani ndogo, kupiga picha pande zote mbili na kutafuta maoni ya zaidi ya mtu mmoja, ikiwamo Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam, kabla ya kukubali bei yoyote. Rupia iliyokaa kasha la bibi kwa zaidi ya miaka 100 haiwezi kuharibika kwa kusubiri wiki moja zaidi.