Shule za Mushaki: asilimia bila historia inadanganya

Kila mwaka matokeo yakitoka tunaanza kulinganisha: shule hii asilimia ngapi, ile ngapi. Kwa Mushaki, mimi naona hesabu hiyo haitoshi.

Tuanze na feza. Mwanzo wa miaka ya 1990, serikali ya Mobutu iliposhindwa kulipa walimu, wazazi njo waliwabeba kupitia ile prime. Mwenye hakuuza viazi ao maharagi, mtoto wake alifukuzwa darasani. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, ilisema shule ya msingi ya serikali ni bure. Tuliingojea mpaka mwezi wa 9 mwaka 2019 ndipo ikatekelezwa, na madarasa yakajaa inchi nzima.

Sasa tumfuate mtoto mwenye aliingia darasa la kwanza siku hizo pale Mushaki. Mwezi wa 3 mwaka 2020 shule zote zikafungwa sababu ya Korona. Mwezi wa 2 mwaka 2023 M23 wakaingia Mushaki, watu wakakimbilia Sake na kambi za Goma, kama Bulengo. Mwezi wa 12 mwaka ule ule, vita ikarudi pale pale. Mwanzo wa 2025 Goma ikaanguka, kambi zikabomolewa, familia zikafunga tena mizigo. Na mwaka huo njo huyo mtoto alipaswa kumaliza la sita na kufanya mtihani wa mwisho wa shule ya msingi.

Wakubwa wake pia walionja: mwezi wa 12 mwaka 2007, jeshi la serikali na CNDP ya Nkunda walinyang'anyana Mushaki ndani ya siku chache.

Tuseme darasa liliandikisha watoto 50, wakafika 20 kwenye mtihani, 19 wakapita. Tutaandika 95 kwa mia na kupiga makofi. Lakini kwa wale 50 walioanza, ni 38 kwa mia tu. Feza iliwatoa wengine zamani. Leo ni vita, hata kama shule ni bure.

Kwa hiyo naomba, tukiweka matokeo hapa, tuweke namba mbili: walioandikishwa na waliofika mtihani. Mwenye ako na rejista za zamani, azilinde. Wale wasiofika ni watoto wetu pia, na chama chetu kianze kuwatafuta.